Chuo cha wananchi ng'ambo ya ghuba: nimeusoma mpango mkakati wao mpaka safu ya mwisho

Watu wa Mwaloni, Kirumba, hapa mjini Mwanza, wananiuliza nilimpeleka wapi mpwa wangu, kwa sababu siku hizi wakati wa likizo wanamkuta kibandani kwangu amevaa miwani ya kuchomelea, na mwanawe anachezea vizibo vya soda chini ya meza. Jibu langu refu ni hili. Jina la chuo silitaji, maana nina ya kukisifu na nina ya kukisema, na mkuu wa chuo ni mtu ambaye bado nataka tusalimiane. Ni chuo cha maendeleo ya wananchi, kiko upande wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza, kijijini kabisa. Ukishuka kwenye lami bado una safari ya bodaboda.

Mimi ni fundi wa mashine za boti. Chuo hiki nakijua kwa milango miwili: nalipa ada kama mlezi, na napokea vijana wao wakija fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Mlezi huangalia chakula na risiti. Fundi huangalia kama kijana anajua kushika spana. Nimeangalia vyote.

Kwa asiyevijua vyuo vya aina hii: vilianza mwaka 1975, enzi za Mwalimu Nyerere, kwa mfano wa vile alivyovikuta Sweden, ambako watu wazima wa vijijini walikuwa na shule zao za bweni za kujiendeleza. Leo viko 54 nchi nzima, chini ya Wizara ya Elimu, baada ya kukaa miaka mingi chini ya Maendeleo ya Jamii. Anaingia aliyeishia darasa la saba, anaingia aliyeanguka kidato cha nne, anaingia binti aliyeacha shule kwa ujauzito. Huyo wa mwisho ndiye mpwa wangu. Waraka wa serikali wa Novemba 2021 uliruhusu mabinti kama yeye warudi shule za kawaida, lakini waraka haukusema nani atambeba mtoto wakati mama yuko darasani. Hapa chuoni mtoto ana chumba chake, ana mlezi, ana uji wa saa nne. Kama mpwa wangu angelazimika kuchagua kati ya uchomeleaji na mtoto, nisingekuwa naandika haya.

Sasa huo mpango mkakati. Niliukuta kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya mhasibu, umetobolewa na kufungwa kwa kamba ya katani, pembe zimejikunja. Foleni ilikuwa ndefu na mtandao unasumbua, kwa hiyo nikausoma. Mzee mmoja nyuma yangu akauliza kama ni orodha ya waliochaguliwa. Nikamwambia hapana baba, ni mambo wanayoahidi kuyafanya kwa miaka mitano. Akasema, "Basi soma kwa sauti, na sisi tusikie."

Kurasa za mwanzo ni dira na dhima, unaweza kuziruka. Usikate tamaa pia ukikuta lengo A linazungumzia UKIMWI na magonjwa yasiyoambukiza, na lengo B linazungumzia rushwa. Mipango ya taasisi za serikali karibu yote huanza hivyo, iwe ya hospitali au ya chuo. Chuo kinaanza kusema la kwake kwenye lengo C. Ukifika hapo, usisome kutoka kushoto kama walivyopanga. Anza kulia, safu ya mwisho, ile iliyoandikwa "Mhusika". Mimi nimeshatembea karakana zao, jiko lao na mabweni yao nikiwa na safu hiyo kichwani, na nasema bila wasiwasi: palipoandikwa cheo cha mtu mmoja, kazi imefanyika. Palipoandikwa "Menejimenti kwa kushirikiana na wadau", usitegemee kitu.

Chukua uchomeleaji. Mpango unasema kila mwanafunzi apate muda wa kutosha wa vitendo na vifaa vidhibitiwe. Mhusika: mwalimu wa karakana ya vyuma. Mmoja, anajulikana, anaitwa kwa sauti ukisimama mlangoni. Mwalimu huyo amebandika karatasi ndani ya mlango wa stoo. Upande mmoja pakiti za vijiti vya kuchomelea zilizoingia, upande mwingine zilizotoka, darasa gani, kazi gani, na sahihi ya kiranja wa darasa pembeni ya sahihi yake. Hata vipande vya mwisho vya vijiti vinarudishwa kwenye kopo kabla ya kupewa vingine. Nilipoiona karatasi hiyo nilisimama nikaisoma yote, na mwalimu akadhani nimetumwa. Nikamwambia hapana, mimi ni mlezi tu. Akacheka: "Walezi huwa wanaishia jikoni, mzee."

Anayechomelea atanielewa. Kijiti kinaisha haraka, na mwanafunzi ambaye hajaharibu vijiti vingi hawezi kujua mkono wake unatetemeka wapi. Vyuo vingi vinakufa hapo hapo: vijiti vinaingia kwa vocha, vinatokea dirishani, na wanafunzi ishirini wanamzunguka mmoja anayechomelea, wengine wanajifunza kwa kutazama cheche. Mpwa wangu alirudi likizo ya kwanza na makovu madogo mikononi. Nikampa kipande cha bomba aunge tako la jiko la mama mmoja anayeuza samaki wa kukaanga. Mshono ulikuwa na matuta, lakini haukuwa na tundu. Nikajua vijiti wanavipata kweli.

Jikoni ni hivyo hivyo. Mhusika ni mpishi mkuu, na mpishi mkuu ni mama ambaye hana mchezo. Nilimkuta anapima unga mbele ya wanafunzi wa zamu, idadi ya walaji imeandikwa kwa chaki juu ya mlango, na chini yake kilo. "Shikamoo baba," akanisalimia bila kugeuka, "ukitaka kuuliza nyama, ni Jumapili." Ugali, maharage, mchicha wa bustani yao wenyewe, dagaa mara nyingi kuliko nyama, jambo ambalo kwa mwambao huu si dhambi. Mabweni ni ya kawaida. Neti zipo, maji wakati mwingine yanachotwa kisimani. Hapo sina zaidi.

Injini za boti ndipo nilipokasirika, na mtanisamehe kwa kukaa hapa kidogo, maana ni kazi yangu.

Wana kozi ya injini. Kozi hiyo katika mwambao huu ni dhahabu. Ziwa limejaa mashine za mizunguko miwili, kuanzia zile ndogo za nguvu ya farasi 15 mpaka 40, na tangu serikali ilipoanza kukopesha boti na vizimba vya samaki, kila kikundi cha vijana kina mashine na hakina fundi. Mashine inayoacha kutema maji pembeni inaungua muda mfupi tu, na kinachohitajika ni mtu anayejua kufungua pampu, kutoa impela (kile kipanga cha ndani kinachosukuma maji) iliyochoka na kuweka nyingine. Si elimu ya roketi za angani. Lakini lazima uwe umeifungua mwenyewe kwa mkono wako, mara nyingi, mpaka vidole vikumbuke.

Mpango unasema: kununua injini za boti za kufundishia. Kiashiria: injini zilizopo. Muda: mwaka wa pili wa mpango, ambao umeshapita. Mhusika: Menejimenti kwa kushirikiana na wadau. Nikaingia karakana. Kuna kichwa kimoja cha mashine juu ya gogo, hakina gia wala mguu, yaani sehemu yote inayoingia majini haipo. Pampu ya maji inakaa huko huko kwenye mguu. Wanaifundisha kwa mchoro ubaoni, mchoro mzuri kweli, wa chaki za rangi.

Nilikwenda kwa mkuu wa chuo. Alinipokea vizuri, akaagiza chai. Nikamuuliza injini zimefikia wapi.

"Fundi, hilo linasubiri wadau."

"Wadau ndio akina nani, mwalimu?"

"Wadau wa maendeleo. Mashirika. Wenye viwanda vya samaki. Hata wewe mwenyewe ni mdau."

Nikamwambia nyuma ya kibanda changu kuna mashine mbili zilizokufa, wenyewe walishindwa kulipia matengenezo wakaziacha. Haziwaki, ila zina mguu, zina gia, zina pampu. Kwa kufundishia zinatosha kabisa. Kama mimi ni mdau, barua yangu iko wapi? Akanyamaza kidogo, halafu akaniambia kitu ambacho ni kweli: chuo cha serikali hakiwezi kupokea mali kienyeji, lazima iandikiwe, ipokelewe, iingie kwenye rejista ya mali. Nikamwambia sawa, niandikieni. Mpaka sasa zile mashine ziko kwangu na kuku wanalala juu yake. Simlaumu mkuu peke yake, na wala sisemi ni mtu mbaya. Nasema kama safu ya mwisho ingeandikwa "mwalimu wa injini", yule kijana angekuwa ameshapanda basi na daftari lake la kupokelea, maana yeye ndiye anayechora mguu wa mashine kila muhula na anajua anachokikosa.

Vijana wao wawili walikuja kwangu fildi. Wana nidhamu, wanafika mapema, wanaandika kila kitu kwenye kitabu cha fildi kwa mwandiko safi kuliko wangu. Wa kwanza nilipompa mashine akaitaja kila sehemu kwa jina. Halafu akaanza kufungua boliti za mguu kwa spana isiyo saizi yake. Ilibidi nimuanzishe chini. Walipoondoka walikuwa wanajua, lakini hiyo ilikuwa kazi ya kibanda changu, si ya chuo.

Ada inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, tarakimu kumi na mbili zinazoanza na 99, kwa simu au kwa wakala wa benki, na stakabadhi inaonekana kwenye mfumo. Hapo nawapa alama zote. Hakuna mtu anayeshika fedha yako, hakuna "njoo kesho risiti imeisha". Lakini kuna michango midogo ya vifaa vya vitendo na ya mahafali, ambayo inakusanywa mkononi na kuandikwa kwenye daftari la mstari mkubwa. Niliomba stakabadhi, nikapewa kikaratasi chenye sahihi. Kiasi ni kidogo na sisemi kimeliwa. Ila ukishawazoesha watu namba 99, usiwarudishe kwenye kikaratasi.

Kuna jambo la ada ambalo mtu aliyeandika mpango mjini asingelijua, na hapa chuo kimenifurahisha. Wazazi wengi wa kule ni watu wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, taa inawavuta. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, wavuvi wanatia nanga na fedha inakauka nyumba nzima, kuanzia mwenye mtumbwi mpaka mama anayeanika. Zamani tarehe za mwisho za awamu za ada ziliwekwa tu kwa kalenda ya ofisi. Ikiangukia mbalamwezi, watoto wanarudishwa nyumbani katikati ya muhula, na wengine hawarudi. Kwenye mkutano wa wazazi mama mmoja muuza dagaa alisimama akasema, "Mwalimu, mnatudai wakati hata sisi tunadaiwa." Mhasibu akainuka na kalenda ya ukutani yenye alama za mwezi. Tangu hapo tarehe za awamu zinapangwa ziangukie mwishoni mwa giza, watu wakiwa wameshauza. Hili halimo kwenye mpango. Haligharimu hata shilingi. Na ukiwauliza wazazi nini kimebadilika chuoni, watakutajia hili kabla ya jengo jipya.

Tukiwa kwenye mkutano huo: unafanyika kweli, si jina tu. Mapato na matumizi ya muhula yanasomwa kwa Kiswahili na kubandikwa pale pale kwenye kamba ya katani. Watu huwa wanasubiri ripoti ya CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali, inayokabidhiwa kwa Rais kila mwishoni mwa Machi, wakisikia mabilioni yaliyopotea wanashika kichwa. Mimi mwenzenu nilishika kichwa kwa kuona mstari wa mafuta ya jenereta, kwa sababu nakijua chuo kile na najua jenereta linanguruma lini. Niliuliza. Mhasibu akafungua kitabu cha safari: sehemu ya mafuta yale ilikwenda kwenye pikipiki ya kufuatilia wanafunzi walio fildi. Maelezo yanaeleweka, ila yaandikwe hivyo. Muhula uliofuata yalikuwa mistari miwili.

Sasa daraja. Mpango wao, kwenye jedwali la fursa na changamoto, bado unalalamikia foleni ya kivuko cha Kigongo. Jamani, Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu za zege juu ya maji, limefunguliwa Juni 2025! Unapanda gari Nyegezi, unavuka ghuba kabla hujamaliza karanga zako. Tuliolala kwenye ile foleni tunajua maana yake. Mpango ulioandikwa kabla ya daraja si kosa. Kosa ni kwamba hakuna aliyeufungua tena baada ya daraja. Na si jambo dogo la kubadilisha sentensi. Kivuko kilikuwa kinawalinda bila wao kujua. Mzazi wa kule alikuwa anaona mji ni mbali, anamwacha mwanawe chuo cha karibu. Leo VETA ya Mwanza, chuo cha ufundi cha serikali, iko umbali wa basi moja na daladala. Kijana anayetaka injini na ana pesa ya nauli atavuka. Kwa upande mwingine, mimi wa Kirumba nisingempeleka mpwa wangu kule kama si daraja, na vibanda vyote vya mafundi wa mjini sasa vinaweza kupokea vijana wao wa fildi na mwalimu akaja kuwakagua na kurudi jioni. Hiyo ndiyo fursa ya kuandikwa. Nimeisema kwenye mkutano, ikaingizwa kwenye muhtasari. Mhusika: Menejimenti na wadau. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akanigusa bega.

Kinachobaki ni wahitimu. Mpango umetoa asilimia ya wahitimu walioajiriwa au kujiajiri. Siirudii hapa, kwa sababu nilipouliza imepatikanaje hakuna aliyeweza kunionyesha orodha. Hawana hata daftari la namba za simu za waliomaliza. Mimi nikisimama Mwaloni asubuhi nakuonyesha watatu waliosoma pale: mmoja anaunga fremu za majiko ya kukaushia, mmoja anashona maturubai, mmoja anaendesha bodaboda na cheti chake kiko nyumbani. Huyo wa tatu ndiye wangepaswa kumtafuta kwanza, wamuulize kilichokwama ni nini, mtaji au ufundi. Nilimuuliza mimi. Alisema alisoma umeme wa majumbani na hakuwahi kupanda juu ya paa hata mara moja akiwa chuoni.

Nyota nawapa tatu na nusu kati ya tano. Zingekuwa nne na zaidi kwa binti mwenye mtoto anayetaka uchomeleaji, ushonaji au upishi. Huyo mpeleke bila kufikiri mara mbili, na fomu aichukue mapema kwa sababu nafasi za watoto wachanga hujaa kabla ya vitanda vya bweni. Fomu ya kujiunga itakudai godoro, ndoo, jembe na rimu ya karatasi. Jembe nunua Sengerema, ni bei nzuri kuliko mjini na hulibebi kwenye basi njia nzima. Kwa injini, nenda kwanza karakana, uliza mguu wa mashine uko wapi. Wakikuonyesha mchoro, rudi na mtoto wako. Wakikuonyesha mashine mbili zenye rangi ya bluu iliyobabuka na alama za kucha za kuku juu ya kifuniko, basi barua yangu ilifika, mwandikishe.